Betri Imetolewa, Kontroli Boksi Imeungua

Katika karakana yetu ya Kizota, jijini Dodoma, mimi ndiye ninayeshughulika na umeme wa magari, na kazi ya kuchomelea vyuma hufanywa na mafundi wengine, baadhi yao wakiwa jirani zetu ng'ambo ya uzio na wengine wakiitwa kutoka Chang'ombe au Majengo pale lori linapokuwa haliwezi kuhamishwa. Mgawanyo huo wa kazi ni wa kawaida katika karakana nyingi nchini, na kwa muda mrefu haukumdhuru mtu. Siku hizi unadhuru, kwa sababu gari linaweza kutoka kwa fundi wa vyuma likiwa limeungwa vizuri kabisa, likafika kwangu likiwa haliwaki, au likiwaka huku taa za onyo zimejaa kwenye dashibodi, na kila ninapouliza lilifanyiwa nini ninajibiwa kwa kujiamini: "Betri tulitoa, fundi." Ninaamini kwamba mara nyingi huwa wanasema kweli. Nilichojifunza katika miaka ya kazi hii ni kwamba kutoa betri ni sehemu tu ya kinga, na pengine si sehemu iliyo kubwa kuliko zote. Kinachoamua kama gari litapona ni njia ambayo umeme wa mashine ya kuchomelea unaipita kurudi ulikotoka.

Dodoma ina sababu zake za kuwa na kazi nyingi za namna hii. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro kwenda Singida, na kutoka huko hadi Rwanda na Burundi, inapita hapa, na malori yanayoitumia hutufikia yakiwa na nyufa kwenye fremu, vishikizo vya springi vilivyochoka na matela yaliyopinda. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kasi mwaka 2016, ujenzi wa mji wa Serikali wa Mtumba na kwingineko umetuletea tipa za mawe, kokoto na mchanga, ambazo mabodi yake hupasuka kila msimu. Lori la zamani lenye pampu ya dizeli ya kimakenika lilikuwa na starta, altaneta, taa, honi na vitu vichache vingine vya umeme, kwa hiyo betri ikishatolewa, kilichobaki cha kuungua kilikuwa kidogo. Lori la leo lina kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo za kuongoza kazi, ya injini, ya gia boksi, ya breki na wakati mwingine ya taa na ya kabini, nazo zinazungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa mfumo wa CAN ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani iliutambulisha mwaka 1986. Katika nyaya hizo ishara ni tofauti ya volti 2 tu kati ya waya na mwenzake. Mashine ya kuchomelea, kabla kijiti cha kuchomelea hakijagusa chuma, huwa na volti 50 hadi 80 hivi, na cheche ikishika hupitisha ampea 100 na zaidi.

Mfano ninaoutumia mara nyingi kuwaeleza wenzangu ni wa tipa moja iliyopasuka bodi karibu na bawaba za nyuma, pale bodi linapojiegemeza wakati wa kumwaga mzigo. Fundi aliyepewa kazi hiyo alitoa betri zote mbili, akaziweka mbali kivulini, akasafisha ufa kwa grainda na kuuchomelea kwa ustadi ambao hata mimi niliusifu. Kibanio cha ethi, yaani cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine, alikuwa amekiweka kwenye fremu, nyuma tu ya kabini, kwa sababu mashine ilikuwa upande huo na palikuwa na chuma kisicho na rangi. Betri ziliporudishwa injini haikuwaka, na kompyuta ya kupimia haikuweza kuwasiliana na kontroli boksi ya injini hata kidogo. Kontroli boksi hizo ziko katika kabini na kwenye injini, mita kadhaa kutoka mahali palipochomelewa, na mwenye gari hakuweza kuelewa kwa namna gani moto wa nyuma uliruka ukaunguza mbele.

Jibu nililipata nilipofuata nyaya kuanzia nyuma. Waya mwembamba wa ethi wa sensa inayomjulisha dereva kwamba bodi limeinuka ulikuwa umeyeyuka ganda lake, kuanzia kwenye bodi hadi unapoingia katika fungu la nyaya la fremu. Bodi la tipa halikai moja kwa moja juu ya fremu kama watu wanavyodhani. Hukaa juu ya vipande vya mpira au mbao, na limeshikwa na pini za bawaba zilizojaa grisi pamoja na jeki ya haidroliki, ambayo nayo ina pini zake na grisi yake. Ukiongeza kutu, rangi na vumbi la kiangazi cha huku, utaona kwamba kati ya bodi na fremu kuna mguso hafifu sana wa umeme. Fundi alichomelea kwenye bodi na ethi akaibana kwenye fremu, hivyo umeme ulilazimika kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine, na kwa kuwa pini zilikuwa zinaukinza, sehemu yake ilipita kwenye waya wa sensa, ikaingia katika kontroli boksi na kutokea kwenye waya wa ethi wa boksi lenyewe hadi kwenye fremu. Umeme huenda kama ng'ombe wa Bahi wanaoelekea lamboni: wengi hupita njia kuu, lakini njia kuu ikisongamana, wachache hukatiza shambani mwa mtu, na hao wachache wanatosha kuharibu mtama. Betri hazikuwa na uhusiano wowote na ajali hiyo. Hata kama zingekuwa zimeachwa Kibaigwa, kontroli boksi ingeungua vilevile.

Hesabu yake ni ndogo, na fundi yeyote anaweza kuifanya kwa kalamu. Mguso mbaya wenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu hauonekani kwa macho, na mita za bei nafuu haziwezi kuupima kwa uhakika. Mkondo wa ampea 120 ukipita hapo, pande mbili za mguso huo zinatofautiana kwa volti 12. Maana yake ni kwamba vipande viwili vya chuma, ambavyo nyaya zote za gari zimeunganishwa kwa imani kwamba viko sawa, ghafla vimekuwa kama ncha mbili za betri, na kila waya unaoviunganisha unavutwa kubeba mzigo ambao haukutengenezewa. Jambo hilohilo hutokea kwenye beringi za magurudumu na za propela shafti: ukichomelea upande mmoja wa beringi na kubana ethi upande wa pili, umeme unapita kwenye mipira ya beringi na kuacha vishimo vidogo vidogo, na miezi michache baadaye dereva anaanza kulalamikia mvumo ambao hakuna anayeuhusisha na kuchomelea.

Kulieleza jambo hili kwa mafundi wa vyuma hakukuwa rahisi. Mmoja wao, mzee ambaye karibu vijana wote wanaochomelea mtaa ule wamepitia mikononi mwake, alinisikiliza kwa upole kisha akaniambia, "Kijana wangu, haya magari mimi nimeyachomelea kabla wewe hujajua spana, na yanatembea." Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu magari aliyokuwa akiyataja ni yale ya pampu ya kimakenika. Nilipozungumza naye juu ya kontroli boksi, niliona namwelekeza kwenye kitu kisichomhusu, kitu ambacho kikiharibika ni mimi nitakayelipwa kukitengeneza. Baadaye nilimwendea kwa njia nyingine. Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini siku nyingine cheche inakatikakatika na weld inakuwa na matundu?" Akanijibu mara moja kwamba mara nyingi ni ethi mbaya, yaani kibanio kimelegea, kiko mbali au kimebanwa juu ya rangi. Kumbe kinachompa yeye weld nzuri ndicho kinacholinda nyaya zangu: ethi ibanwe kwenye kipande kilekile kinachochomelewa, karibu kadiri inavyowezekana, juu ya chuma kilichosuguliwa hadi kung'aa, na kati ya kibanio na kijiti pasiwepo pini, bawaba, beringi wala boliti yenye kutu. Tangu siku hiyo hatujabishana. Ufa ukiwa kwenye bodi, ethi huwa kwenye bodi. Ukiwa kwenye fremu, ethi huwa kwenye fremu, upande uleule wa ufa.

Betri nayo hatuiachi, ila tunaitoa kwa utaratibu na tukijua kwa nini. Swichi ya ufunguo huzimwa, ufunguo hutolewa, na tunasubiri, kwa kuwa kontroli boksi nyingi huendelea kufanya kazi kwa muda baada ya gari kuzimwa ili kuhifadhi kumbukumbu zake, na malori yaliyotumika Ulaya yenye mfumo wa AdBlue, majimaji ya kusafisha moshi, huendelea kwa dakika kadhaa kurudisha majimaji kwenye tangi lake. Kisha hutolewa terminali hasi, halafu chanya, na vichwa vya waya hufungwa kwa kitambaa kikavu na tepu ili visigusane wala visiguse chuma. Katika lori la volti 24, ambalo betri zake mbili za volti 12 zimeunganishwa kwa mfululizo, kutoa kichwa kimoja cha katikati na kuacha vingine hakutoshi, ingawa nimeona kikifanywa hivyo kwa sababu boliti nyingine imeshika kutu. Wala swichi kuu ya betri ambayo madereva huipenda haitoshi, kwa kuwa hukata upande mmoja tu, na katika baadhi ya malori vifaa kama tachografu, yaani kifaa cha kurekodi mwendo, huunganishwa kabla ya swichi hiyo. Betri zenyewe tunaziondoa kabisa kazi inapokuwa karibu nazo, maana betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, na kofia ya kuchomelea haikingi tindikali.

Altaneta, mashine inayochaji betri, ndiyo inayofaidika zaidi kwa betri kutolewa. Diodi zake, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zimeunganishwa moja kwa moja na waya mkubwa wa betri, hazina swichi katikati, na kila cheche inaposhika na kukatika kunatokea msukumo mfupi wa volti ambao diodi haiupendi. Mashine za kienyeji za transfoma zinatoa umeme wa kubadilika, ambao kwa mzunguko wa hezi 50 cheche yake huzimika na kuwaka upya mara 100 kila sekunde. Mashine ndogo za inveta ni tulivu zaidi katika hilo, lakini zile za kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni huanzisha cheche kwa volti nyingi sana za masafa ya juu, na hizo sipendi zikaribie gari lenye soketi zilizounganishwa. Nyaya za mashine nazo zina tabia yake: ukizilaza sambamba na fungu la nyaya za gari kwa mita kadhaa, zinaingiza umeme ndani ya nyaya hizo bila kugusana nazo. Kwa hiyo tunazipitisha mbali, waya wa kijiti na wa ethi vikiwa karibu karibu, na hatuziachi zimejizungusha juu ya kabini.

Pale kuchomelea kunapokuwa karibu na kontroli boksi au kwenye kipande kilichoishikilia, soketi zake huchomolewa, na ikiwezekana boksi lenyewe hutolewa. Vitabu vya watengenezaji wengi wa malori vinaagiza hivyo hata kazi ikiwa mbali kidogo, na pale kitabu kinapopatikana tunakifuata badala ya kubishana nacho. Soketi iliyo wazi Dodoma mwezi wa Agosti hujaa vumbi kabla hujamaliza kunywa chai, kwa hiyo tunaziba. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki ya sokoni. Tangu ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tunatumia kitambaa safi na tepu, na kwa kweli kitambaa ni bora, kwa sababu hakiyeyuki kikirukiwa na cheche.

Tela ndilo linalosahaulika kuliko vyote. Watu huliona kama chuma kitupu, ilhali tela la kisasa lina kontroli boksi yake ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande breki ikikanyagwa) au ya breki za umeme, na waya uliojisokota unaoliunganisha na kichwa ni daraja la moja kwa moja kati ya mashine ya kuchomelea na kila kitu kilicho ndani ya kabini. Sahani ya kushikia tela imejaa grisi nyeusi, kwa hiyo ethi ikibanwa kwenye kichwa huku kuchomelea kunafanyika kwenye tela, umeme una kila sababu ya kupita kwenye waya huo. Mahali penye nafasi tunaachanisha kichwa na tela kabisa. Pasipo na nafasi, kama inavyotokea lori linapokwama kando ya barabara baada ya Manyoni, angalau waya za taa na za breki huchomolewa pande zote, na mipira ya upepo ya nailoni huvutwa kando au kufunikwa kwa blanketi lililoloweshwa, maana mpira uliotobolewa na cheche ni breki iliyokosekana mteremkoni. Tela la tangi la mafuta sisi hatulichomelei kabisa, hata mwenyewe akiapa kwamba ni tupu.

Kwa magari madogo mambo ni mafupi zaidi. Mifuko ya hewa ya usalama ndiyo hatari ya kwanza, na nyaya na soketi zake huwa za rangi ya njano. Toyota huagiza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri kabla ya kugusa mfumo huo. Prius na Aqua, magari ya haibridi yenye injini pamoja na mota ya umeme ambayo yamekuwa mengi mjini, zina betri ya pili yenye volti zaidi ya 100 na nyaya za rangi ya chungwa, na kwa hizo kutoa betri ndogo peke yake ni kujidanganya. Lazima awepo mtu aliyefundishwa kuitenga betri kubwa, mwenye glavu zake. Redio za Kijapani zinazodai namba ya siri baada ya betri kutolewa zimenisababishia malalamiko mengi kuliko kontroli boksi zote, na sasa tunamwarifu mteja mapema.

Wenye mabasi ya masafa marefu wana hofu yao tofauti. Mabasi hayo hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hukisimamia, na wanaogopa kwamba kukikatia umeme kutaonekana kama hila ya dereva. Tajiri mmoja alikataa kabisa betri kutolewa kwa sababu hiyo, akitaka kishikizo cha springi kichomelewe hivyohivyo, na tukamwambia kwa heshima zote kwamba atafute karakana nyingine. Alirudi jioni akiwa ameshatoa taarifa ya matengenezo kwa wahusika, na kazi ikafanyika. Kuna pia vile vifaa vidogo vya kubana kwenye betri, vinavyouzwa kama kinga ya kontroli boksi wakati wa kuchomelea. Hupunguza misukumo ya volti kwenye waya wa betri, lakini haviwezi kuuzuia mkondo unaopita kwenye waya wa ethi wa sensa, kama ule wa tipa, kwa hiyo sivikatai wala sivitegemei.

Kazi ikiisha na chuma kikapoa, napima kabla ya kurudisha betri. Kati ya nyaya mbili za CAN natarajia omu 60 hivi, kwa kuwa kila mwisho una kizuizi cha omu 120. Nikipata 120 najua upande mmoja umekatika, na nikipata karibu na sifuri najua nyaya zimeyeyuka zikagusana. Soketi hurudishwa, kisha terminali chanya, na hasi huwa ya mwisho. Gari likiwaka, naangalia chaji, ambayo kwa mfumo wa volti 24 inapaswa kuwa kati ya 27.5 na 28.5 hivi, halafu nageuza mita kupima umeme wa kubadilika kwenye betri, kwa sababu diodi iliyojeruhiwa haizimi chaji papo hapo. Katika gari la volti 12, nikiona zaidi ya nusu volti ya umeme huo, altaneta inafunguliwa siku hiyohiyo, kabla haijamwacha dereva gizani katikati ya pori la Mtera.

Tulichokiongeza karibuni zaidi ni kupima kwa kompyuta kabla ya kuchomelea, na kuandika makosa yote yaliyokutwa kwenye karatasi inayosainiwa na dereva, fundi wa vyuma na mimi. Mwanzoni mafundi wa vyuma waliiona karatasi hiyo kama mtego. Kisha lilikuja lori lenye tela lililokuwa na ufa kwenye fremu, na baada ya kazi taa ya ABS ikabaki inawaka. Mwenye lori, aliyekuwa Singida, akapiga simu akitaka fundi alipe sensa ya gurudumu. Dereva alisomewa karatasi kwenye simu ileile, pamoja na saini yake mwenyewe chini ya kosa la sensa hiyo, lililoandikwa asubuhi kabla mashine haijawashwa. Sensa ilinunuliwa na mwenye lori, na fundi akalipwa ujira wake wote.